Simu yangu iligoma maji ya kiunoni

Jaribio langu la kwanza la kuigeuza simu kuwa kompyuta ya kuzamia, kile kifaa cha mkononi kinachomhesabia mzamiaji kina na dakika, nililifanya hapa hapa Nungwi, kaskazini ya Unguja, nimesimama maji ya kiunoni, bahari inakupwa. Nilikuwa nimevaa miwani ya kuzamia, mrija mdomoni, na simu nimeitia ndani ya ule mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni ambao vijana wanawauzia wageni ufukweni. Nimefungua programu ya kupima presha ya hewa. Juu ya maji ilisoma milibari 1,012. Nikaishusha usawa wa goti: 1,058. Moyo ukaniruka. Nikaishusha mpaka mchangani: 1,100. Nikasogea mbele hadi maji yakanifika kifuani, nikapiga mbizi na kuiweka tena chini: 1,100. Hatua nyingine kumi, maji yamenipita kichwa, bado 1,100 ile ile, kama saa ya ukutani iliyokwisha betri.

Halafu maji yakaibana ile plastiki ikagandana na kioo, simu ikaanza kujibonyeza yenyewe. Ikafungua kamera, ikaifunga, ikaingia kwenye majina, ikajaribu kumpigia shemeji yangu. Mzee mmoja aliyekuwa anakalafati ngalawa yake pale pembeni akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Hapana mzee, napima kina."

Akanitazama, akayatazama maji, akarudi kwenye kazi yake.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kuongoza wazamiaji, na sababu ninayo. Kompyuta ya kuzamia, hata ile ya chini kabisa, ikiwa mpya ilikuwa karibu dola 200 au zaidi. Kituo nilichokuwa nafanyia kazi wakati huo kilikuwa na sanduku la kompyuta za kuazima, ila wageni ndio wanaotangulia kuchagua. Sisi waongozaji tunachukua zilizobaki. Siku nyingi niliyobaki nayo mimi ilikuwa na kioo kilichofifia, lazima uiegemeze kwenye mwanga ndipo uone kama hiyo ni 18 au 13. Na mfukoni nina simu ambayo bado naidaiwa, yenye kioo kinachong'aa kama sinia la shaba, yenye akili ya kucheza mpira na kutafsiri Kitaliano. Nikajiambia, hii itashindwa kuhesabu dakika na mita?

Kuhesabu haishindwi, na hilo lazima niliseme kwanza, maana watu wanadhani tatizo ni hesabu. Hesabu yenyewe ni ya zamani. John Scott Haldane, Mskoti, alitoa jedwali lake la kupanda salama kutoka kinani mwaka 1908 baada ya kuwafungia mbuzi kwenye chemba ya presha na kuangalia nani anachechemea akitolewa. (Mbuzi wamelipa mengi katika dunia hii, si Idi peke yake.) Baadaye daktari wa Zurich, Albert Bühlmann, akaigawa miili yetu katika makundi 16 ya kufikirika, kila kundi na kasi yake ya kunyonya naitrojeni na kuitoa. La haraka kabisa hujaa nusu yake kwa dakika 4, la mwisho huchukua dakika 635.

Wageni wangu wa Kiswahili huwa nawaeleza kwa khanga na godoro. Ukivirusha vyote viwili kwenye maji, khanga inalowa papo hapo, na ukiianika inakauka kabla hujamaliza chai. Godoro linalowa polepole, lakini likishalowa utakaa nalo juani siku nzima na katikati bado bichi. Mwili wako una khanga na una godoro. Ukiwa chini, hewa unayoivuta imebanwa na bahari, naitrojeni inapenya kote. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi. Ukipanda kwa pupa inatoka kama soda iliyotikiswa, mapovu kwenye damu, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Kazi ya kompyuta ya kuzamia ni kukadiria godoro lako limelowa kiasi gani sasa hivi, na kukwambia zimebaki dakika ngapi za kukaa kwenye kina hicho na bado uweze kupanda moja kwa moja. Mwaka 1983 ilitoka Orca Edge, chombo cha kwanza cha namna hiyo kuuzika vizuri, na ubongo wake ukiuweka mbele ya simu ya leo ni kama kiberiti mbele ya jua. Simu ingeyafanya mahesabu yale huku ikikuchezea taarabu.

Kinachokosekana ni kitu cha kuyahisi maji.

Simu nyingi zina kihisi cha presha ya hewa. Galaxy Nexus ya mwaka 2011 ilikuwa nacho, iPhone zikaanza nacho kwenye iPhone 6 mwaka 2014. Kimewekwa ili simu ijue umepanda ghorofa ngapi na iisaidie GPS kukadiria mwinuko. Vihisi vya aina hii kwa kawaida hutengenezwa kusoma kati ya milibari 300 na 1,100. Itazame hiyo namba ya kwanza: juu ya Kilimanjaro presha ni karibu nusu ya hii ya pwani, kama 500 hivi, kwa hiyo simu yako inaweza kupanda Kibo na kuvuka bila kutoka jasho. Sasa itazame ya pili. Ufukweni tunaanzia karibu 1,013. Kila mita kumi za bahari zinaongeza kama 1,000 nzima. Maana yake ule ufito wa kupimia unakwisha kabla hujamaliza mita moja. Pale Nungwi nilikuwa sijaharibu kitu. Simu ilikuwa imefika mwisho wa rula yake, kwenye maji ambayo mtoto wa darasa la tatu anaogelea.

Na hapo ni ndani ya mfuko laini, ambao angalau unabanwa na kuipitishia simu ile presha. Ukiitia kwenye boksi gumu la kuzuia maji, mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu kazi ya boksi gumu ni kuizuia presha isiingie. Bahari inakandamiza plastiki, ndani hewa imetulia kama ilivyofungwa. Ushuke mita 30, simu itaapa kwamba bado mko kwenye mashua mnakula tikiti. Ndiyo maana nikikuta programu inayojiita kompyuta ya kuzamia, inayodai haihitaji kifaa kingine chochote, naifuta bila kusoma maoni. Itapata wapi kina? GPS haipenyi majini. Bluetooth nayo inakufa ndani ya sentimita chache za maji ya chumvi.

Ziko njia za kweli. Yapo maboksi ya simu yaliyotobolewa na kuwekewa kihisi kinachogusana na maji, kinaongea na simu iliyo ndani kwa Bluetooth, umbali wa vidole viwili tu ambao wote ni hewa. Mengine yanafika mita 40, mengine 60. Na Apple walipotaka kuingia kwenye biashara ya kuzamia mwaka 2022, kihisi cha kina hawakukiweka kwenye simu. Wakakiweka kwenye saa, Apple Watch Ultra, inayosoma hadi mita 40 kwa kufuata kiwango cha Ulaya cha vipima kina, EN 13319, na programu ya Oceanic+ ikafanya hesabu za Bühlmann juu yake. Hapo mimi najifunza kitu: wenye simu wenyewe hawakuiamini simu, wakakipeleka kifaa mkononi, kwenye ngozi.

Basi, kuna kijana mmoja wa Dar alikuja na boksi kama hilo. Mtu wa kompyuta, mchangamfu, tayari ana cheti na zaidi ya mbizi 30. Mashua haijatoka hata kwenye mwamba, ameshakusanya darasa. Boksi lilikuwa na kipampu kidogo cha kunyonya hewa ya ndani ili kuhakikisha halivuji. Ukinyonya, taa nyekundu, halafu kijani. Nahodha wetu aliipenda hiyo taa mpaka akaomba arudie.

"Kaka, hii siyo simu tena," akaniambia. "Kamera hii, kompyuta hii, kumbukumbu ya mbizi hii. Nyie bado mnavaa hayo mabakuli?"

Bakuli lenyewe ni Suunto Zoop yangu, kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi, kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, niliyoinunua kutoka kwa mgeni wa Ufini aliyekuwa anarudi kwao. Ina mikwaruzo mpaka inasikitisha. Betri yake ni ya duara, bapa, unabadilisha mwenyewe kwa sarafu. Sikujibu. Mgeni ni mgeni.

Mbizi ya kwanza, kwenye kisiwa cha Mnemba, ilikwenda salama, na nakiri nilitamani. Kioo kikubwa, namba kubwa, picha ya kasa unamwona mpaka kope. Ila niligundua kitu ambacho nimekiona tena kwa wengine tangu siku ile: mtu akiwa anarekodi, hasomi. Namba ya kina iko pale pale kwenye kona ya kioo chake, lakini macho yako kwenye kasa. Kasa akashuka, naye akashuka. Nilipomgongea mtungi kwa chuma alikuwa mita 26, mbizi tuliyokubaliana mwisho 18. Akanionesha ishara ya sawa, akarekodi na mimi nikimgongea.

Baina ya mbizi na mbizi tunakaa juu karibu saa nzima, tunakula mananasi, tunaacha ile khanga ikauke. Hapo ndipo simu inapojisahau kwamba ni kompyuta. Akaitoa kwenye boksi, akawaonesha wenzake wa Dar bahari mubashara, akapokea simu mbili, akatuma picha. Akairudisha ndani, akanyonya hewa, taa kijani, akaiweka juu ya benchi. Jua la saa tano, boksi jeusi limefungwa, ndani hakuna upepo. Mimi nilikuwa nafunga mitungi, sikuliona.

Tukaingia Kichwani, mahali ambapo mwamba unateremka kwenda zaidi ya mita 30 na bluu ya chini inaita. Dakika ya sita, mita 14, akanigeukia akaniinulia boksi. Kioo cheusi. Akabonyeza, akabonyeza. Simu ilikuwa imezidiwa na joto ikajizima. Baada ya muda bahari ikaipoza, ikawaka. Nikafurahi kwa niaba yake. Ikamaliza kuwaka, ikaleta picha ya mama yake mzazi, amevaa kilemba, anatabasamu, na chini yake: weka namba ya siri.

Vitufe vya boksi vilikuwa vitatu. Havina namba. Vinaongea na programu, na programu haifunguki mpaka simu ifunguliwe, na simu haifunguki bila kidole kugusa kioo. Hata kama kidole kingefika, kioo cha namna hii majini kinaona maji yote ni vidole. Tukatazamana. Mama akatutabasamia, mita 14 chini ya bahari, mpaka kioo kikazima tena.

Nilichofanya si ushujaa, ni utaratibu. Kompyuta ya mtu ikifa, mbizi imekwisha. Nikawakabidhi waliobaki kwa mwenzangu, nikapanda naye taratibu tukitazama bakuli langu, dakika tatu kwenye mita tano, halafu juu. Nilimkataza mbizi ya tatu. Akabisha kidogo: angeiwasha, ingeendelea ilipoishia. Akaiwasha. Programu ikafunguka safi kabisa, ikaonesha mbizi sifuri leo, naitrojeni sifuri. Godoro kavu.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko kioo cheusi. Kioo cheusi unakiona, unapanda. Lakini namba nzuri ya kijani inayodanganya, mtu anaifuata. Kompyuta yoyote inahesabu godoro la mtu mmoja, aliyeivaa tangu mbizi ya kwanza. Ukiivua ukampa mwenzio, au ukiifuta kumbukumbu, inabaki na hesabu za mtu ambaye hayupo. Bakuli langu halifanyi kazi nyingine yoyote. Halipokei simu, haliombi masasisho usiku, haliulizi mimi ni nani. Likigusa maji, linaamka.

Nina mjomba Mkokotoni ambaye angeweza kuandika makala hii vizuri zaidi, kama angekuwa mtu wa kuandika. Yeye alizamia majongoo bahari kwa mitungi ya hewa, zile siku ambazo majongoo ya karibu na pwani yalikwisha na ikabidi kuwafuata chini. Yakikaushwa yanaelekea China, bei nzuri. Hakuna aliyewafundisha. Mwenye mashua anakupa mtungi na mkanda wa madini ya risasi wa kukuzamisha, unashuka, hewa ikianza kuwa nzito kuvuta unapanda, unapewa mtungi mwingine.

"Tulikuwa tunahesabu mitungi, mwanangu," aliniambia. "Dakika tulimwachia Mungu."

Siku moja, mtungi wa nne, kina cha pima 15, kama mita 27, alipanda mzima, akala ubwabwa na papa. Aliposimama kwenda kunawa, miguu haikuwepo. Nyumbani wakasema pepo wa baharini. Akasomewa, akafukizwa ubani, na si mimi wa kulicheka hilo, kwa sababu hakuna aliyewaambia wale wazee kwamba Matemwe kuna chemba ya kutibu wazamiaji, wala nani angelipa. Sasa anatembea kwa mkongojo, na mvua ikikaribia anaijua kabla ya redio.

Nilipomhadithia habari za simu na namba ya siri alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza swali la kweli: zamani zile, kama angekuwa na simu, ingemsaidia? Nikafikiri. Simu ndani ya maji, hapana. Lakini kamba ya bildi yenye fundo kila pima, na saa ya mkononi, na jedwali la plastiki, hivyo vingemwachia miguu yake. Pima kumi ni mita 18. Kwenye jedwali la PADI, shirika la kufundisha wazamiaji, mita 18 mbizi ya kwanza una dakika 56 za kukaa chini. Mita 30, dakika 20. Mbizi inayofuata unapunguziwa kulingana na ulivyokaa juu. Watu wa pwani hii wamepima kina kwa bildi kabla ya babu zetu, na jedwali ni kipande cha plastiki. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji chaji.

Simu yangu sikuitupa, wala sikuifukuza kwenye kazi. Ikibaki juu ya maji ni msaidizi mzuri kuliko wote. Inanipa maji kujaa na kupwa, inanipa upepo wa kusi utakavyovuma kesho. Jioni inapokea kumbukumbu za mbizi zangu kutoka kwenye kompyuta mpya za kituo, zile zenye Bluetooth, kwa programu ya Subsurface. Ni ya bure, na aliyeianzisha mwaka 2011 ni Linus Torvalds, yule yule wa mfumo wa kompyuta wa Linux, ambaye naye ni mzamiaji na hakupata programu iliyomridhisha. Napenda kuona mchoro wa mbizi yangu kwenye kioo kikubwa, nione wapi nilipanda kwa haraka na nani alinifanya nipande kwa haraka. Na kama mgeni ana boksi la maana na kihisi, simkatazi tena. Namwambia alitumie kwa picha, na namfunga bakuli mkono wa kushoto. Wanalalamika kwenye mashua. Chini hawalalamiki, maana regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa, iko mdomoni.

Yule kijana wa Dar, nilisahau kumalizia. Tulirudi ufukweni saa nane, akaanza kukusanya vitu vyake haraka haraka. Ana ndege ya saa kumi na mbili jioni, ile ndogo ya dakika 20. Nikamwambia hapandi. Baada ya mbizi zaidi ya moja tunasubiri saa 18 kabla ya kuruka, kwa sababu angani presha inashuka, na godoro lililokuwa limetulia linaanza kutoa mapovu. Akafungua simu anioneshe: mbizi sifuri, ruhusa ya kuruka ipo, alama ya kijani. Nikafungua bakuli langu, nikamwekea karibu na pua. Lilikuwa na picha ndogo ya ndege na saa zilizobaki.

Akaitazama picha ya ndege muda mrefu. Akaniuliza boti ya jioni inatoka saa ngapi. Tukampakia kwenye gari akaiwahi, sijui dereva aliendesha vipi.

Usiku akanitumia ujumbe kutoka Dar. Kusi lilikuwa limechafuka, boti nzima imetapika, naye akiwemo, na angependa kujua ile Zoop nauza shilingi ngapi. Nikamjibu siuzi, ila yule mgeni wa Ufini amesema anarudi Desemba.